Maswali na Majibu: Kazi ya Mtafiti wa Grafiki za Kompyuta

Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika grafiki za kompyuta, yaani utengenezaji wa picha kwa kompyuta, naye hajui kuchora. Ataweza? (Mzazi, Morogoro)

Ataweza, mama, kwa kuwa mtafiti wa fani hii hapimwi kwa ustadi wa mkono bali kwa njia ya hesabu anayowaachia wenzake. Bui Tuong Phong, Mvietnam aliyesoma Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, ni mfano ninaoupenda sana. Mwaka 1971, Henri Gouraud wa chuo hichohicho alikuwa amebuni namna ya kulainisha umbo lililoundwa kwa vipande bapa: mwanga hukokotolewa kwenye pembe za kila kipande, kisha rangi zinazopatikana husambazwa taratibu hadi katikati. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja, kwani mng'ao unaoangukia katikati ya kipande hupotea. Katika tasnifu yake ya mwaka 1973, Phong alionesha kuwa kinachofaa kusambazwa si rangi bali mwelekeo wa uso wenyewe, ili mwanga ukokotolewe upya katika kila nukta. Alifariki mwaka 1975, mwaka uleule makala yake ilipochapishwa, na hadi leo wanafunzi wa fani hii hufundishwa njia yake.

Picha ya CT ya fuvu, ile yenye pande tatu, wakati mwingine huonesha matundu kwenye ukuta wa tundu la jicho. Je, mfupa umetoboka? (Muuguzi, Mombasa)

Si lazima, na ni vizuri umeuliza, maana picha ile haikupigwa kama picha ya kamera. Imejengwa kutokana na vipimo. Mashine ya CT, inayopima mwili kwa mionzi kipande baada ya kipande, hutoa namba nyingi zilizopangwa kwa safu, na kila namba hueleza jinsi sehemu moja ndogo ya mwili inavyozuia mionzi. Mwaka 1987, William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric walichapisha njia ya kuzigeuza namba hizo kuwa uso: programu hupita kwenye michemraba midogo, ambayo kila pembe yake ina namba moja, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza ni pembe zipi kati ya nane zilizofikia kiwango cha mfupa. Majibu yanayowezekana ni 256, na kila jibu lina pembetatu zake za kuchora. Muda mfupi baadaye watafiti wengine waligundua kwamba baadhi ya majibu hayo yangeweza kuacha nyufa kwenye uso, wakayarekebisha. Hata hivyo, kiwango huchaguliwa na binadamu. Mfupa wa tundu la jicho ni mwembamba mno, kipimo chake huchanganyika na cha nyama iliyo jirani, hivyo hushuka chini ya kiwango na mfupa hutoweka pichani. Ndiyo maana daktari hurudi kwenye picha za vipande kabla ya kuamua.

Msimamizi wangu amekataa ramani yangu ya mvua kwa sababu nimetumia rangi za upinde wa mvua. Anaonea? (Mwanafunzi, Nairobi)

Haonei. Njano hung'aa kuliko rangi nyingine, kwa hiyo jicho huona mpaka mkali mahali ambapo mvua imeongezeka kidogo tu, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hupotea kabisa. Matplotlib, maktaba ya kuchorea data inayotumiwa na watafiti wengi, iliacha rangi hizo kama chaguo lake la msingi mwaka 2017 na kuweka safu ya rangi iitwayo viridis, ambayo mwangaza wake hupanda hatua kwa hatua kutoka zambarau hadi njano.

Kwa nini wataalamu hawa hujivunia makala za mikutano? (Msomaji, Dodoma)

Katika fani hii mkutano kama SIGGRAPH, ulioanza mwaka 1974, huchuja makala kwa ukali wa jarida.

Kuna kazi ya aina hii iliyogusa pwani yetu? (Msomaji, Lindi)

Ipo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza na kuyaundia maumbo ya pande tatu. Kwangu hiyo ni kazi yenye thamani kubwa, kwa sababu mahali ambapo bahari inakula ufuo, mhifadhi anaweza kupima ukuta leo, akaulinganisha na ulivyokuwa siku ulipopimwa, na kujua ni upande upi wa kuuwahi.