Lafudhi ya Kitanga haikukoseshi alama

Dada uliyeuliza kama lafudhi itakuponza, hapana: kwenye mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, lafudhi yako ya Kitanga haikukoseshi alama, hata kama huyo meneja wa hoteli aliyekuhoji kakwambia ukajifunze kwanza kuongea kama Muingereza. Kwenye matamshi wanaangalia kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika. Na matamshi ni robo tu ya alama. Robo tatu zilizobaki ni mtiririko wa maongezi, msamiati na sarufi. Unakaa ana kwa ana na mtahini dakika 11 hadi 14, alama ya juu ni 9.

Mimi nawanoa wahudumu wa mapokezi hapa Tanga mjini, na shida ninayokutana nayo kila siku ni irabu, wala si lafudhi. Binti mmoja alitaka kumuuliza mgeni anaondoka lini. Ile "leave" akaitamka kwa i fupi ikawa "live", mgeni akabaki kumkodolea macho. Hapo ndipo pa kukazania.

Ila ujue IELTS haipimi kazi yenyewe. Kama mwajiri hajadai cheti, mwombe akupime kwa igizo la simu: mgeni analalamika chumba hakina maji, wewe umjibu. Dakika tano zinatosha kukuonyesha ulipo. Na ukiamua kufanya TOEIC, mtihani mwingine wa Kiingereza, huo wa Kiingereza cha kazini, lipia ile ya kuzungumza. Ile ya kusikiliza na kusoma, yenye alama hadi 990, unaimaliza yote bila kufungua mdomo.