Kama kichocheo hakiliwi, mbona kinabadilishwa?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasoma kidato cha sita, Tanga. Tumefundishwa kuwa kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Ila nimesoma kwamba viwanda vinavyogeuza hewa ukaa kuwa methanoli, aina ya alkoholi, hutupa kichocheo kila baada ya miaka michache. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Kichocheo hakiliwi, bali huchoka.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha methanoli Oman. Chetu kilitumia gesi asilia, lakini vidonge vya kichocheo ni vya aina ileile: shaba, oksaidi ya zinki na alumina (oksaidi ya alumini). Vikiwa vipya ni vyeusi, kwa kuwa shaba bado imeshikana na oksijeni. Ukivipitishia hidrojeni ya moto, oksijeni inaondoka na vinakuwa tayari kwa kazi, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 na shinikizo mara 50 hadi 100 ya lile la hewa ya kawaida.

Shaba iliyomo ni chembe ndogo mno, na kazi yote hufanyika juu ya nyuso zake. Joto likizidi, chembe huungana zikawa kubwa. Ukipima uzito, shaba ni ileile. Nyuso ndizo zimepungua. Hewa ukaa huongeza tatizo, kwani kila kilo 44 zikigeuzwa hutoa kilo 32 za methanoli na kilo 18 za maji, na mvuke wa maji hayo huzidisha kuungana huko. Halafu kuna salfa. Hiyo hata ikiwa kidogo sana huing'ang'ania shaba na kuifunga, kwa hiyo hewa ukaa ikitoka kwenye moshi wa kiwandani, lazima isafishwe kwanza.

Vilivyochoka tulivitoa ndani ya naitrojeni, maana vikikutana na hewa ghafla huweza kushika moto. Wala havitupwi ovyo: huuzwa vikayeyushwe, shaba na zinki zipatikane tena.

Gharama kubwa hasa iko kwenye hidrojeni. Kilo 44 zile zinahitaji kilo 6 za hidrojeni, na kuipata kwa kupasua maji kunakula umeme mwingi. Ndiyo maana kiwanda cha methanoli kiitwacho George Olah, kwa jina la mkemia, kilichofunguliwa Aisilandi mwaka 2012, kilijengwa Svartsengi, kando ya mitambo ya jotoardhi: umeme upo, na hewa ukaa inatoka visimani pamoja na mvuke. Olkaria, Kenya, kwenye mitambo ya jotoardhi pia, vyote viwili vipo. Natamani sana kuona vijana wa rika lako wakilifanyia kazi jambo hili pale.