Yanga wakija Kirumba, hela inabaki kwa nani?

Swali: Ninauza chakula jirani na Uwanja wa CCM Kirumba. Jumamosi ya kawaida natoa sahani 60 za ugali na sato. Yanga wakija natoa 200. Mtaani tunaambiwa mechi moja inaiingizia Mwanza mamilioni. Je, nikope 1,500,000 ninunue friji, meza na viti? – Mama lishe, Kirumba

Jibu: Dada, umefanya jambo ambalo hata wataalamu hulisahau: umehesabu siku ya kawaida. Bila ile 60, hiyo 200 haisemi kitu. Mechi imekuletea sahani 140, basi.

Sasa toa gharama. Siku hiyo wenzako wote wanafuata sato soko la samaki la Mwaloni alfajiri, kwa hiyo bei itapanda. Weka mkaa, mafuta, posho ya wasaidizi wawili. Tuseme kila sahani inakubakizia 1,000. Hiyo ni 140,000. Ligi Kuu ina timu 16, hivyo Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, inacheza nyumbani mara 15 kwa msimu, na Simba na Yanga ni mbili tu kati ya hizo: 280,000. Mechi 13 zilizobaki, hata ukiongeza sahani 20 kila moja, ni 260,000. Jumla 540,000 kwa msimu mzima, na riba bado hujailipa. Usikope kwa ajili ya mechi. Meza na viti kodi kwa wale wanaokodishia harusi. Friji nunua pale tu mauzo ya Jumanne yatakapoweza kuilipa.

Kuhusu mamilioni ya mji, hapo ndipo watu wanapochanganya. Mtu wa Nyakato aliyekula kwako angekula Nyakato. Kwako ni faida halali. Kwa Mwanza, hela imehama mtaa tu. Ndiyo maana wanauchumi wa Marekani, akina Roger Noll na Andrew Zimbalist, walipochunguza viwanja vya kwao miaka ya 1990 hawakuona mji ukitajirika kwa sababu ya uwanja.

Hela mpya ni ya mgeni, wa Geita, Shinyanga au Bunda. Nayo itazame inakoelekea. Jezi anayonunua getini imetoka Kariakoo, na sehemu kubwa ya bei yake inarudi Dar. Sato wako amevuliwa ziwani, akabebwa kwa mkokoteni, akaparuliwa magamba na watu wa hapa hapa. Kwa hiyo shilingi ya mgeni ikiingia kwenye sufuria yako inazunguka Mwanza kuliko ikienda kwenye jezi. Nalisema hili kwa uchungu kila ninapoona mama lishe wanasogezwa mbali na lango siku ya mechi kubwa: mnaondoa mfuko pekee unaokaa na hela!

Tena kuna Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Shabiki wa Sengerema hasubiri kivuko tena. Anaweza kuja, akala, akarudi kwake usiku huo huo. Mwenye gesti ana haki ya kuwa na wasiwasi. Wewe mwenye sufuria huna.

Mechi ijayo weka daftari pembeni ya jiko. Kila mteja wa kumi muulize ametoka wapi, uandike. Ukijaza kurasa mbili nitumie, tupige hesabu pamoja.