Bibi kasema yule kijana ni fisadi, kwani kala hela za nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilikua Tanga kwa bibi, akapita kijana mmoja wa mtaani, bibi akaniambia "huyo kaa naye mbali, fisadi huyo". Sasa kijana mwenyewe fundi baiskeli, hela za serikali atazionea wapi? Bibi kakosea?

Jibu: Marahaba. Bibi hajakosea, ila nyie wa juzi mnalijua hilo neno kwa maana moja tu. Fisadi wa zamani huku Pwani ni mwanaume anayeharibu wake za watu na mabinti wa watu, kwa hiyo bibi alikua anakuonya wewe, hazungumzii akaunti ya benki. Asili yake Kiarabu, fasada, kuharibika, hata chakula kilichochacha wanakiita fasidi, yani kiini chake ni kuoza na kuozesha wengine, wizi umekuja baadae. Hiyo ya hela za umma ilikuepo, lakini Dk. Slaa, mbunge wa CHADEMA wakati huo, aliposoma ile orodha yake ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi pale Mwembe Yanga, Temeke, Septemba 2007, basi siasa ikalibeba neno zima zima na wale wa vitanda wakasahaulika.

Na usichanganye na mbadhirifu. Huyo nae katoka Kiarabu, badhara, kutawanya mbegu, we muone mkulima anarusha mbegu ovyo mpaka njiani ndo utaelewa, na Kurani sura ya 17 imewaita watu hao ndugu wa mashetani. Mwenyekiti wa kamati akitia hela ya kisima mfukoni huyo fisadi, ila akiitumia kununua fulana na kukodi maturubai na muziki siku ya kuzindua kisima ambacho maji hakijatoa, huyo mbadhirifu. Siku hizi ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikitoka kila kitu kinaandikwa ubadhirifu, hata pale mtu kaiba waziwazi, mi naona ni adabu tu ya magazeti.

Uasherati nao ukiufuata mpaka kwao unakuta ni kuishi na watu, kuchangamana, na anasa ni ule uzuri wa kuwa na mwenzio wa kukuliwaza, sijui tuliwakosea nini Waarabu mpaka maneno yao ya urafiki yote tukayapeleka gesti.

Msalimie bibi, na hiyo baiskeli peleka kwa fundi mwingine.