Usimwachishe kwa sababu wanacheza

Dada, pole sana kwa msiba. Unasema tangu babu yake afariki, binti yako wa miaka 7 amerudia kukojoa kitandani, shuleni hasemi, na kwa mshauri nasaha, mara tatu zote, "wanachezea midoli tu". Unauliza kama umwachishe.

Usimwachishe, nakuomba. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kubebea huzuni, anaionyesha kwa mikono. Wangu alikuwa kila wiki anamfukia mdoli kwenye kisanduku cha mchanga, halafu anamfukua harakaharaka. Wiki ya sita akamwacha humo, akauliza, "Huko chini anapumua?" Mazungumzo yakaanzia hapo. Hiyo ndiyo tiba ya mchezo.

Ila una haki ya kumuuliza mshauri amesomea kazi ya watoto wapi, lengo ni lipi, na wewe nyumbani ufanye nini. Akikataa kabisa kukaa nawe, tafuta mwingine. Asipokusimulia kila neno la mtoto, hilo ni sawa; siri huvunjwa mtoto anapokuwa hatarini.

Kuhusu kukojoa, usimwadhibu wala usimseme mbele ya ndugu zake. Mpeleke pia kwa daktari apimwe mkojo, maana maambukizi na hata kisukari huleta hali hiyo. Na akisema anataka kumfuata babu, usingoje siku ya miadi: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake.