Re: Binti anapenda kudansi ila fizikia haimwingii

Mkuu, umeuliza kama dansi inaweza kumsaidia binti yako kwenye fizikia na hesabu au ni kupoteza muda tu. Inasaidia sana, na simu uliyonayo inatosha kuanzia.

Mrekodi akiruka, video nyingi za simu zina fremu 30 kwa sekunde, halafu isogezeni fremu moja moja mhesabu tangu miguu inapoachia sakafu mpaka inapotua, tuseme mmepata 15, basi hiyo ni nusu sekunde hewani. Sasa chukua 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia) zidisha kwa muda huo kipeo cha pili, gawanya kwa 8, inakuja kama mita 0.3, yaani sentimita 30 hivi, ndo kimo alichoruka (atue miguu imenyooka, akikunja magoti hewani namba itadanganya). Hapo mwenyewe atataka kujua hiyo 8 imetoka wapi, kwa sababu ni mwili wake unaopimwa, sio kijiwe cha kwenye kitabu.

Kingine ni kuzunguka. Kuna app ya bure inaitwa phyphox, ya chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, inasoma jairoskopu ya simu (kihisi kinachopima kasi ya kuzunguka). Afunge simu kiunoni ikaze, azunguke mikono imenyooka kisha aikunje kifuani, grafu ya kasi inapanda palepale na hakuna aliyemsukuma.

Hesabu nayo imo, hatua za 3 juu ya mdundo wa 4 zinakutana kwenye 12, hiyo ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) kabisa.

Ila usigeuze kila dansi mtihani, atachukia vyote. Anzeni na kuruka, mkipata namba ziweke hapa tuziangalie.