Kibali cha Ujenzi Mjini: Majibu kwa Wasomaji

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yametoka katika miji midogo ya Tanzania, na karibu yote yanahusu ramani ya nyumba, ilhali kinachokwamisha maombi ya kibali mara nyingi ni karatasi za kiwanja. Nimeanza na hizo.

Swali: Halmashauri ya mji imenigawia kiwanja. Nina barua ya toleo, yaani barua ya halmashauri ya kunimilikisha kiwanja kwa masharti, hati bado haijatoka. Fundi anasema tuchimbe msingi, kibali kitafuata. Je, ni sawa? (Makambako)

Si sawa, ndugu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, hairuhusu mtu kuanza kujenga mjini bila idhini ya maandishi ya halmashauri, na kuchimba msingi ni kuanza kujenga. Hata hivyo huna haja ya kusubiri hati, kwani barua ya toleo hupokelewa, mradi umelipa kila kilichoorodheshwa ndani yake na hudaiwi kodi ya pango la ardhi.

Kabla ya kumlipa mchoraji, ipeleke barua hiyo kwa afisa mipango miji, umuulize kiwanja kimepangiwa matumizi gani na nyumba inatakiwa kuachana na mipaka kwa umbali gani. Ramani za kununua mtandaoni huangukia hapo, kwa sababu zimechorwa na mtu ambaye kiwanja chako hajakiona wala hajui kina upana gani. Michoro inayopita huonyesha namba ya kiwanja na kitalu, mahali jengo litakapokaa ndani ya mipaka, mpangilio wa vyumba, mikato (jengo likionekana kama limekatwa wima), sura za nje, njia ya maji ya mvua na shimo la maji taka. Shimo husahauliwa mno, na bwana afya hulitazama kwanza. Andaa seti tatu za michoro, fomu ya maombi, nakala ya barua ya toleo na risiti za malipo. Ada hulipwa kwa kontroo namba; anayekuomba fedha taslimu ili "asukume faili" hakusaidii, na faili lake halina risiti.

Swali: Nilinunua eneo kwa mtu, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Halijapimwa. Naweza kuombea kibali? (Korogwe)

Karatasi yenu inathibitisha kwamba mliuziana, lakini haithibitishi kwamba kipande hicho ni kiwanja katika mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na halmashauri hutazama mchoro huo. Muulize mtendaji wa mtaa kama eneo lenu limo katika urasimishaji wa makazi, yaani mpango wa kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa kiholela. Kama limo, jiunge na wenzako mchangie upimaji, maana kumleta mpimaji peke yako ni ghali, tena huenda akakuta njia ya mtaa imepita katikati ya ulichonunua. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua pia leseni ya makazi, yaani haki ya muda ya kukaa kwenye eneo lisilopimwa, lakini hiyo hutolewa tu katika maeneo yaliyoandaliwa kwa ajili hiyo. Zaidi ya hayo, kama uko karibu na Mto Pangani, pima kwanza umbali kutoka ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60, na ndani ya hizo urasimishaji hautakufaa kitu.

Swali: Je, kujenga ukuta wa uzio, au kugeuza chumba cha mbele kuwa duka, kunahitaji kibali? (Kondoa)

Uzio unahitaji kibali. Duka linahitaji idhini ya kubadili matumizi, na hiyo hupita mipango miji kabla hujafikiria leseni ya biashara.

Swali: Nyumba ya urithi iliyo kando ya barabara kuu imewekwa alama ya X. Nataka kuipanua kwa mbele. (Mafinga)

Usiombe, ada yako itapotea. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa barabara usiotakiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana X ziko za rangi mbili: nyekundu kwa waliomo ndani ya mita 22.5, ambao hawalipwi fidia, na kijani kwa walioingizwa na nyongeza ile, ambao wanastahili kulipwa. Tazama rangi yako, kisha uandikie ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa serikali anayesimamia barabara kuu, si halmashauri.

Swali: Nina kibali cha nyumba ya chini na msingi umekwisha. Naweza kupandisha ghorofa moja kwa kibali hichohicho? (Babati)

Hapana. Kibali ni cha jengo lililochorwa, na mchoro ukibadilika maombi huanza upya, safari hii pamoja na michoro ya nguzo, mihimili na nondo iliyotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo usimwone mhandisi kuwa msumbufu akitaka kujua kilichomo chini ya zege lako. Mpelekee picha za nondo kabla hazijafunikwa, pamoja na taarifa ya ukaguzi wa msingi. Kama huna vyote viwili, jiandae kufukua walau pembe moja mbele yake, apime kina na unene, kisha aamue kama msingi huo unabeba ghorofa au la.